Posa Iliyovunjwa na Mfupa wa Mbuzi

Mpendwa Mama Araba,

Nisamehe kwanza kwa urefu wa barua hii, maana nimekaa nayo kifuani siku kumi na tisa na leo nimeona bora niitapike kwako kuliko kuendelea kuzungumza na ukuta, naomba msaada wako, lakini tafadhali usinijibu kwa upole ule unaowapa gazetini wasichana walioachwa, kwa sababu mimi ni mtu mzima wa miaka hamsini na sita, mwalimu wa hesabu, na swali langu ni la haki, si la machozi.

Ninaishi hapa Kumasi, mtaa wa Asafo, katika nyumba ya vyumba kumi na viwili vinavyozunguka ua mmoja wenye bomba moja na lango moja, na hilo lango, Mama Araba, halifunguki mpaka uliinue kwa goti huku ukilisukuma kwa bega, kila asubuhi, nikiwa nimevaa suruali safi, huu ni mwaka wa tisa, na bombani unakuta ndoo saba zimepanga foleni na binadamu hata mmoja hayupo, kwa sababu siku hizi ndoo ndiyo inayopanga foleni na mwenye ndoo yuko sokoni anachagua nyanya, lakini ukiisogeza kidogo tu anatokea, sijui anatokea wapi, anakuuliza kama maji ni ya baba yako. Saa tisa alasiri nikirudi shuleni nikajinyoosha, jirani yangu Maame Dufie anasogeza kinu chake kwenye ukuta ambao upande wa pili ndipo kilipo kichwa changu, anaanza kutwanga fufu, ugali wetu wa mihogo na ndizi, nusu saa nzima, na akimaliza anapita dirishani ananiuliza, "Mwalimu, umelala?" Sasa hilo ni swali la kumuuliza mtu uliyemtwangia sikioni? Chumba cha nne kuna fundi cherehani, mtu na watoto wake, anajua mstari mmoja tu wa wimbo wa kanisani na anauimba Jumatatu mpaka Jumatatu bila kwenda wa pili. Umeme nao unasubiri niwe nimepiga pasi mguu mmoja wa suruali ndipo ukatike, na walimu wenzangu wananijazia simu picha za maua zenye maneno ya asubuhi njema, siku moja nilizihesabu zikawa ishirini na moja kabla ya chai, na mmoja wao aliazima kalamu yangu akairudisha kifuniko kimetafunwa kama kimetoka kinywani mwa panya, wala hakusema neno.

Nayaeleza haya ili ujue kwamba siku yenyewe sikuwa mtu aliyepumzika.

Tuna mtoto mmoja tu, Nhyira, ana miaka ishirini na saba, ni muuguzi, mtoto mwenye adabu ambaye hajawahi kunipa sababu ya kupandisha sauti, na Jumamosi hiyo watu wa mji wa Mampong walikuwa wanakuja kubisha hodi, yaani kuleta posa, kwa ajili yake, kijana anaitwa Sarfo, mpima ardhi, mtulivu, sina neno naye isipokuwa anasema "kwa kweli" mara nyingi kuliko ukweli wenyewe unavyohitaji. Walifika saa nne kama walivyoahidi, watu sita, wakiongozwa na mjomba wake Mzee Boadu, na wakaweka mezani chupa zao mbili za jini, ile pombe ya kufungulia posa, lakini hatukuweza kuanza kwa sababu shemeji yangu Barima, kaka wa mke wangu, ambaye bila yeye posa ya mpwa wake haipokelewi, alikuwa hajafika, na kila akipigiwa simu anasema yuko njiani, na kwa nyuma nasikia maji ya kuoga yanamwagika. Ikafika saa saba. Mke wangu akasema wageni wametoka mbali, wale kwanza, mambo mengine yatasubiri, na Nhyira akaleta fufu na supu ya mbuzi aliyoamkia alfajiri kuipika.

Mzee Boadu alikaa kando yangu kabisa, bega kwa bega. Mama Araba, mimi nimekula na watu wengi, lakini sijawahi kusikia mdomo wa namna ile. Supu aliivuta kwa sauti, fufu aliimeza kwa sauti, katikati simu yake ikalia akaipokea huku kaweka spika wazi na sote tukalazimika kusikiliza habari za mtu fulani aliyepakia ndizi ambazo hazijakomaa, mpaka mwisho, pamoja na salamu za mama wa huyo mtu, kisha akarudi kwenye bakuli akachukua mfupa wa paja, akaanza kuufyonza. Uboho ulitoka mara ya kwanza, nilisikia. Akaendelea. Akaugeuza upande wa pili, akafyonza, ukatoa mluzi. Akaugonga kwenye ukingo wa bakuli, akaufyonza tena, ukapiga mluzi mrefu zaidi, na kwa nje fundi cherehani akaanza ule mstari wake, na sijui nikueleze vipi, kitu kilinipanda kutoka miguuni, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema mbele ya watu wote, "Mzee, huo mfupa uache sasa, umeufyonza mpaka unaomba msamaha."

Kijana mmoja wa upande wao aliachia kicheko akakimeza. Mzee Boadu aliweka mfupa chini taratibu, akanawa mikono, akajifuta kidole kimoja kimoja, akamwambia mshenga wao azichukue zile chupa. Kisha akanigeukia, wala hakukunja uso, akasema, "Mwalimu, binti yako nimempenda. Lakini mtoto wetu hawezi kuoa katika nyumba ambamo mgeni anachungwa namna anavyotafuna." Wakaondoka. Langoni walikutana na Barima ndiyo kwanza anafika, amejipaka mafuta.

Nhyira alikusanya mabakuli, akaosha, akafuta meza. Nikadhani limepita. Akaja akasimama mbele yangu akaniambia, "Baba, yule mzee alikuwa anafurahia chakula nilichopika mimi," na jioni hiyo akachukua nguo zake akahamia Tafo kwa dada wa mama yake, na tangu hapo simu yangu anaipokea ananisalimia vizuri kisha anasema yuko kazini.

Mke wangu ananipikia lakini haniambii kitu. Nyumba nzima inaninyamazia, hata Maame Dufie ameacha kuuliza kama nimelala. Sasa naomba uniambie: je, ni kosa kutaka watu waishi kistaarabu? Nisemaje na hawa watu ili waache vituko vyao? Na binti yangu nimrudishe vipi bila kujidhalilisha kwa kuomba radhi, ikiwa nilichosema kilikuwa kweli, maana mfupa ule haukuwa na kitu?

Wako,
Mwenye Masikio, Asafo

JIBU

Mwalimu,

Umeniomba nisiwe mpole. Hukuwa na haja ya kuomba.

Barua yako ilikuja na kurasa sita za mkono, nimeisoma mara mbili. Lango, ndoo, kinu, pasi na maua ya simu vimekula karibu nusu yake. Binti yako anaingia baada ya kifuniko cha kalamu. Mtoto wako wa pekee umempanga nyuma ya kifuniko cha kalamu, halafu unaniuliza amehamia Tafo kwa nini.

Sikatai kwamba unakerwa. Kinu kikidundwa karibu na kichwa cha mtu aliyechoka kinaumiza, na anayekuambia hakiumizi amelala mbali. Mimi mwenyewe hapa ofisini nina mwenzangu anayekunywa uji kwa sauti inayoshuka mpaka ghorofa ya chini, na kuna siku nimeutazama ule uji nikamtazama na yeye, nikatoka nje kunyoosha miguu. Haya ni mambo ya kawaida. Kila mtu anayeishi na watu anayo.

Lakini wewe, Mwalimu, una lako. Miaka tisa unainua lango kwa goti. Bawaba zinauzwa hapo hapo Kumasi, na fundi anazifunga kabla chai yako haijapoa. Chumba chako kina kuta nne na kitanda chako hakijajengewa sakafuni, kwa hiyo nieleze kichwa chako bado kinafanya nini kwenye ukuta wa Maame Dufie. Hujui? Mimi najua. Lango likipona utakosa la kusema asubuhi, na kitanda kikihama utakosa la kusema alasiri. Kero zako umezifuga kama watu wanavyofuga kuku, unazipa chakula, unazihesabu jioni kama zimetimia. Mwalimu mzima wa hesabu, hesabu unayoijua vizuri zaidi ni ya picha ishirini na moja za maua.

Halafu mfupa. Mtu mzima ametoka Mampong, amekaa kwako muda wa saa tatu akimsubiri shemeji yako aoge, hakulalamika hata mara moja. Sijui kama uliliona hilo, nadhani hukuliona. Alipoletewa chakula alikila mpaka ndani ya mfupa. Wapo wapishi wanaozeeka bila kusifiwa namna hiyo, na binti yako, aliyeamka alfajiri, alikuwa hapo hapo akiisikia sifa yake kwa masikio yake. Wewe ukaikatiza. Unasema mfupa haukuwa na kitu. Sawa, haukuwa nacho, nani alikuuliza?

Sasa jambo ambalo hulijui. Kwa kuwa foleni ya posta nayo inakukera, barua ulimpa mkeo ailete. Ndani ya bahasha nimekuta kipande cha karatasi kisicho na mwandiko wako. Nilimtafuta mkeo kwa simu nikamuuliza kama naweza kukiandika hapa, akasema ndiyo, tena nisikipambe.

Mkeo anasema kila alfajiri unasimama pale bombani kusafisha koo. Anasema unakohoa, unasukutua, unatema, unaanza upya, na nyumba nzima yenye vyumba kumi na viwili inaamshwa na koo lako, watoto kwa wazee, huu ni mwaka wa tisa. Hakuna aliyewahi kukuambia. Anasema fundi cherehani aliwahi kuulizwa na mpangaji mgeni ile ni sauti gani, akajibu, "Huyo ni Mwalimu, utamzoea."

Anasema pia kwamba mwaka jana yeye alipolazwa hospitalini wiki sita, fufu uliyokula kila siku ilitoka kwenye kinu kile kile. Maame Dufie alikuwa akipita dirishani kukuuliza kama umelala ili ajue akupe bakuli mkononi au alifunike akuwekee mlangoni. Mke alirudi, bakuli likakoma, swali likabaki kwa sababu yule mama amekuzoea. Wewe umeniletea swali lile kama ushahidi dhidi yake. Wiki sita za chakula hukuziandika hata nusu mstari.

Na la mwisho, ambalo ndilo lililonifanya nikujibu wiki hii badala ya kukuacha upange foleni kama ndoo. Mzee Boadu amemtumia mkeo ujumbe. Anasema atakusikiliza ukienda mwenyewe kwa miguu yako. Barua hataisoma, mshenga hatampokea. Nhyira naye amesema mwezi ukiisha hujaenda, atamwomba mjomba wake Barima asimamie posa yake peke yake, na kiti cha baba kitakuwa tupu siku hiyo. Sarfo bado anamtaka. Kwa hiyo ndoa hii itafungwa, Mwalimu. Kilichobaki ni kama utakuwepo au utasimuliwa.

Unataka umrudishe binti bila kujidhalilisha. Hakuna njia hiyo, na ingekuwepo nisingekupa. Uliwadhalilisha watu sita na mtoto wako mbele ya chakula chao. Kipande chako cha aibu hiyo ni kidogo, kichukue.

Ijumaa ukitoka shuleni nenda Tafo. Usipige simu. Mngojee Nhyira atoke kazini, mwambie ulimkosea, na usiingize neno "lakini" popote. Akilia mwache alie. Akikwambia amechoka nenda nyumbani, uende, umeshasema.

Jumamosi asubuhi vaa vizuri, mchukue mkeo, beba chupa mbili za jini za kwako, mpande gari la Mampong. Ukifika kwa Mzee Boadu usimweleze habari za lango, wala za usingizi, wala za Barima. Sema, "Mzee, nilikuvunjia heshima mbele ya watu wako na wangu, nimekuja kuomba radhi." Kisha nyamaza. Atakuacha ukae na kimya hicho muda mrefu, ni haki yake. Atakuita majina mawili matatu. Ataanza hadithi ndefu ya mtu usiyemjua, aikatize kupokea simu, airudie kutoka mwanzo. Utaisikiliza yote. Akikukaribisha kiti kinachoyumba, kikalie.

Mama Araba