Kitambaa cha Fremu ya Tano

Kabiria, Nairobi
Jumatano, 15 Oktoba

Kwako kaka yangu Mwololo,

Nakusalimu wewe, shemeji Kavutha na mama yetu, Mwaitu. Natumai barua hii itawakuta wazima, na kwamba kifua cha Mwaitu kimetulia tangu baridi iishe. Nimesikia mvua haijafika huko Mwingi na kwamba umeshalima unangoja tu. Pole. Mimi mwili sijambo. Moyo ndio mbaya, na huo hauna dawa kwenye maduka ya hapa Kabiria.

Naandika kwa sababu simu yangu hupokei. Miezi sita, kaka! Napiga, inalia hadi inachoka yenyewe, halafu shemeji anatuma ujumbe kwamba mko salama. Basi nimenunua karatasi. Barua nitampa kondakta wa basi la Mwingi, yule anayemjua Mwaitu, naye ameapa ataifikisha mkononi mwako.

Habari za pale kazini Muthangari ni zile zile. Wapangaji bado wanaingia bwawani kuogelea wamejipaka mafuta ya jua ya kutosha kukaangia mandazi, kisha wanashangaa filta ikiziba. Na Njuguna, meneja wetu, bado anaamini filta ni kama friji, ukishaiwasha umemaliza. Hadi wiki jana, nikimwambia presha imepanda alama kumi juu ya ile ya siku ya usafi, kwamba lazima nirudishe maji kinyumenyume yatoe uchafu, kisha niweke unga mpya, ananiuliza ule wa mwezi jana umeenda wapi. Nimeutia kwenye chai, Bwana Njuguna!

Yeye hakufundishwa na wewe. Mimi nilifundishwa. Nakumbuka siku ya kwanza ulipolifungua lile tangi la filta ukanionyesha fremu nane zilizovishwa kitambaa, zimesimama duara. Ulisema kitambaa hakichuji kitu, kazi yake ni kuushikilia ule unga mweupe, na unga ndio unaochuja. Ukanifunga barakoa kwa mikono yako kabla hujagusa mfuko, ukasema unga huo ukiuvuta kila siku utakuja kukudai mapafu. Ukanikorogea kwenye ndoo hadi ukawa kama chokaa nyepesi. Na ukanionya jambo moja zaidi ya yote: kitambaa huoshwa kwa maji ya mpira, juu kwenda chini, polepole, hata kama kutwa nzima itaisha. Hakisuguliwi.

Ile Jumatatu ya Aprili siisahau. Ulishuka basi asubuhi kutoka kumzika baba mkwe wako, hujalala, ukaja kazini moja kwa moja na begi begani. Shule zilikuwa zimefungwa. Ukakuta watoto wameshaingia, na maji meupe kama uji, sakafu haionekani. Kabla hujawaamuru watoke, Debra, yule binti wa miaka sita wa mwenyekiti wa wapangaji, akateleza kwenye ngazi akazama, na hakuna aliyemwona ila wewe. Uliruka na viatu vyako na koti la mazishi. Ukamtoa anakohoa, mzima.

Na shukrani yako ikawa nini? Mama Debra alikuita mzembe pale langoni, watu wote wanasikia. Njuguna akasema macho yako yamezeeka, ati wewe, mtu wa miaka arobaini na tisa. Halafu, na hili linanichoma mpaka leo, akakuamuru uyasafishe maji kwanza ndipo urudishe funguo. Mimi ukaniambia nikae nyumbani. Siku mbili ulishinda kwenye chumba cha pampu peke yako, maji yakarudi kung'aa, na ukafukuzwa yakiwa yanang'aa hivyo hivyo.

Hukujitetea. Ulipoulizwa unga umepitaje hadi bwawani, ulijibu kwamba kosa la filta ni la fundi, na fundi ni wewe. Njuguna akawapigia mameneja wenzake. Ukaenda Lavington, ukaenda Parklands, kila mlango ulikuta umeshasikia habari za yule mzee aliyetaka kuua mtoto. Miaka kumi na moja ya kazi safi, na jina lako likafagiliwa nje pamoja na majani. Ukarudi Mwingi. Mimi nikapewa funguo zako, na nikazipokea. Sikukataa hata kwa adabu.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Alhamisi iliyopita nilifungua filta. Muda wa kutoa fremu zote ulikuwa umefika na kupita, nami niliahirisha mara mbili, leo nina homa, kesho spana imepotea. Njuguna alidhani ni uvivu. Ulikuwa ni woga, na ngoja nikueleze woga wenyewe.

Ile Jumamosi uliyoniachia zamu ukaenda mazishini, uliniambia nirudishe maji, niongeze unga, basi. Usifungue tangi, ulisema. Nikafungua. Nilitaka ukirudi ukute kazi yako ya kutwa nzima nimeimaliza kabla ya saa sita. Nilikuwa nimechoka, kaka, kuitwa mdogo wa Mwololo na kila mtu kwenye lile boma, hata na Wesonga soja wa lango. Fremu zilikuwa za kahawia kwa mafuta, na maji ya mpira hayakuzing'arisha. Wewe unajua tulivyolelewa. Mwaitu alitusuguza sufuria kwa mchanga mpaka mtu aone meno yake ndani, na kwangu mimi kitu kisichosuguliwa hakijaoshwa. Nikachukua brashi ya waya, ile ya kukwangua kutu ya lango, nikasugua.

Nne za kwanza zilipendeza kweli. Ya tano ikachanika pembeni chini, urefu wa kiganja.

Ya akiba haikuwapo. Ningekupigia simu. Ningezima pampu na kufunga bwawa hadi urudi. Sikufanya lolote kati ya hayo. Niliigeuza ile fremu, upande uliochanika ukatazama ndani, mahali ambapo huwezi kuona bila kuzitoa zote. Nikafunga tangi, nikakoroga unga, nikamimina, nikawasha. Pale maji yanaporudi bwawani nikaona wingu jeupe likitoka. Nililiona, usije ukasema labda sikuliona. Nikajiambia litatulia, nikaja zangu Kabiria nikala chapati. Jumapili yote bwawa lilikuwa limefungwa, na pampu ikaendelea kuumwaga ule unga majini.

Kwa hiyo Debra alizama kwa mkono wangu, na kwa mkono huo huo ukafukuzwa wewe. Nimelisema.

Miezi hii yote nilijifariji kwamba hukujua. Nilijiambia labda uliona kitambaa kimezeeka ukakibadilisha, ukanyamaza kwa sababu ya uchovu wa msiba. Alhamisi nikainua mfuniko, na ile ya tano nikaiona kabla sijagusa kitu. Ulikuwa umeishona. Uzi wa nailoni, mshono ule wa magunia aliotufundisha baba, unaorudi nyuma kila hatua ya tatu. Hakuna mtu mwingine Nairobi hii anayeshona hivyo, ni mimi na wewe tu. Na hukuirudisha kama nilivyoiweka. Uliigeuza. Mshono ulikuwa unatazama nje, mbele kabisa, unamngoja mtu ambaye angefungua baada yako.

Kumbe ulijua! Ulijua ukiwa bado na funguo mfukoni na Njuguna hatua kumi kutoka hapo, ungeweza kumwita aone, na badala yake ukatafuta sindano. Nilikaa kwenye ile sakafu yenye maji nikalia kama mtoto. Kisha nikakukasirikia. Ndiyo, wewe! Ungenitaja. Ungenipiga kofi mbele ya wapangaji. Ulidhani unanilinda? Umeniacha nile kazi yako miezi sita, kila tonge linanikwama kooni, na simu hupokei.

Siku hiyo hiyo nilimwendea Njuguna nikamweleza yote. Alisema hayo yamepita, maji ni masafi, nisifukue. Nikapanda ngazi hadi kwa Mama Debra nikamweleza mlangoni, nimesimama na buti zangu zenye matope. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Akasema usiku anayakumbuka maneno aliyokuambia, na kwamba ulikuwa unatiririka maji wakati anakuambia. Halafu akafunga mlango, bila kelele. Ijumaa Wesonga akaja kunichukua funguo, naye hakunitazama usoni. Sasa nabeba mawe kwenye mjengo hapa karibu, na silalamiki.

Mama Debra amechukua nambari yako kwa Wesonga. Anataka kukuomba radhi. Njuguna naye, kwa kuwa maji yameanza kumgeukia kijani, anataka urudi. Hiyo ni hiari yako, lakini usirudi kimyakimya. Walikuchafua langoni kwa sauti kubwa, basi wakusafishe pale pale langoni, kwa sauti ile ile. Ukirudi, barakoa mpya ziko juu ya kabati la chumba cha pampu, na ile fremu nimeirudisha ulivyoiweka wewe.

Nisalimie shemeji Kavutha. Mwaitu msomee barua yote, usiruke hata mstari mmoja, ajue ni mwanawe yupi aliyefanya nini. Na majirani wanaokuuliza kwa nini ulirudi kutoka mjini, sasa una la kuwajibu.

Jumapili baada ya ibada nitakupigia. Usitume ujumbe kupitia kwa shemeji, na usiniambie yamekwisha. Pokea, kaka. Unitukane kwa mdomo wako mwenyewe mpaka kredi iishe.

Ni mimi, mdogo wa Mwololo,
Kitavi