Jina la Mutoto Lilinitangulia Nyumbani

Kasongo, tarehe 14 Machi 2024

Mpendwa Yaya Christophe, kaka yangu mukubwa,

Jambo nyingi kutoka kwetu. Baridi ya Liège iko namna gani? Masikio ingali yote mbili? Sisi tuko wazima. Koko Sidonie anakusalimia, bibi yetu huyu amesimama nyuma yangu, anahesabu mistari.

Ile karadio yako, ndogo kama kidole, ilifika. Ulisema nitafute mwalimu anisaidie. Mwalimu wa nini? Mimi huyu niliyeacha masomo katikati, niliichomeka kwenye ordinateri, hii kompyuta yetu, peke yangu, nikavuta waya toka paa mpaka kwenye mupapai. Yaya! Hewa hii tunayopumua imejaa watu! Kwenye kioo cha ekrani sauti zinashuka kama mvua ya rangi: Waarabu, Wachina, mutu wa Salamabila anayeomba mafuta ya jenereta. Ukikosa namba ya kushika sauti kidogo tu, wote wanaongea kama bata. Nilisahau kula. Mimi, kusahau kula! Andika tarehe.

Sasa, habari ya dada yetu Véronique. Simu zilikuwa hazishiki wiki mbili. Asubuhi moja karadio ikashika foni, ile redio ya kusemea, ya kituo cha afya cha Wamaza: amezaa binti, wote wazima, lakini Koko atume jina mbele ya Jumapili, la sivyo watu wa bwana yake watatoa lao. Unajua kwetu jina la mutoto wa kwanza ni la Koko tu.

Koko akavaa kitenge cha misa, akainamia ekrani, akalia: «Dieudonnée! Mumesikia? Dieudonnée!» Na mimi fundi mukubwa nikalia naye. Kimya. Yaya, ulitutumia masikio, mudomo ukaubakiza Liège!

Foni ya hapa kwetu, betri imekufa. Basi nikamufundisha Koko kugeuza zile namba, nikapanda moto, ile pikipiki, mpaka Wamaza. Siku mbili za matope. Jumamosi asubuhi nikashika foni ya Wamaza, nikataja jina mara tatu. Kama Koko alisikia, nani angeniambia? Nilirudi na wasiwasi njia nzima.

Koko alikuwa mulangoni, kitenge kingali mwilini.

«Uliongea kama bata,» akasema. «Lakini Dieudonnée nilimusikia.»

Yaya, jina lilitoka mudomoni mwangu, likaruka pori yote ile, likaingia nyumbani siku mbili mbele yangu. Mpaka leo ninaangalia hewa tu.

Musalimie shemeji Laura na Emmanuella mudogo. Mungu akufunike vizuri kuliko koti lako.

Mudogo wako akupendaye, bata wa Wamaza,
Fidèle