Pumzi kwa Zamu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Majibu ya damu ya Hemedi yametoka. Niliomba ruhusa kazini nikamsindikiza hospitali mwenyewe, maana mume wangu akiulizwa na daktari anaumwa nini hujibu "mimi mzima" hata kama amebebwa.

Damu kumi na tisa! Hemedi akavimba kichwa papo hapo. Wanawake tunahangaika na rozela na matembele ili damu ipande, yeye anayo ya kumwaga. Tukiwa bado kwenye benchi, kabla hata ya kuingia kwa daktari, akampigia rafiki yake Mudathir: "Kaka, damu ninayo nyingi, mpaka mtu wa maabara kashangaa!"

Daktari Ipyana hakufurahi hata kidogo. Kijana mpole, anaongea taratibu. Alisema damu haizidi hivyo bila sababu. Mwili unaokosa hewa mara kwa mara hutengeneza damu ya ziada, ili ukamate ile hewa kidogo inayopatikana. Halafu damu inakuwa nzito, inaweza kuganda, ikaziba moyoni au kichwani. Hemedi akaacha kutabasamu. Akaulizwa: kichwa kinauma asubuhi? Unaamka kukojoa usiku? Unasinzia mchana? Anasinzia na kijiko mkononi! Nilijibu mimi. Mapafu nayo si mazuri, miaka yote ile ya kuchoma mkaa kabla hajaanza kuuuza.

Kisha daktari akanigeukia. Usiku akilala, anakata pumzi? Nikasema anakoroma. Akarudia: anakata? Nikasema sijui.

Sijui! Mke wa miaka kumi na mbili. Lakini akianza tu kukoroma mimi huhamia chumbani kwa binti yetu Nuria na mlango nafunga. Ningejuaje?

Na siku nyingine analala wapi? Hapo Hemedi akakohoa. Nikajibu mimi: kwa mke mkubwa, Kisarawe. Siku tatu huku Kongowe kwangu, siku tatu huko. Daktari akaandika bila kuinua uso. Tumepewa kifaa cha kuvaa kidoleni, kinapima hewa iliyomo damuni usiku kucha na kuhifadhi. Avae kwangu, avae na kwa mwenzangu.

Jumanne, 5 Agosti

Amekivaa. Anakilalamikia kana kwamba nimemwozesha mke wa tatu. Mimi nililala kwa Nuria kama kawaida, ila mlango niliuacha wazi kidogo nisikie huko kukata pumzi. Nikapitiwa na usingizi kabla ya kusikia chochote. Nina kazi asubuhi, jamani.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, ofisi zimefungwa. Hemedi yuko Kisarawe tangu jana, na kifaa chake. Nimefua, nimepika, nimegombana na Nuria kuhusu simu. Nawaza upuuzi – kile kidude kitasema nini kuhusu nyumba ile?

Mwanaamina simjui. Tunaonana misibani, tunasalimiana Idd, basi. Watu wanaotoka kule wanasema mke mkubwa kazi yake kulala. Saa nne asubuhi yuko kitandani, shamba la mihogo limejaa majani mpaka kiunoni. Napenda sana kusikia hivyo. Siwezi kujidanganya humu.

Jumatatu, 11 Agosti

Sina hali.

Daktari alichomeka kifaa kwenye kompyuta, ikatokea mistari. Usiku wa kwangu: mstari unaporomoka, unakaa chini, unapanda kidogo, unaporomoka tena. Haitakiwi kushuka chini ya tisini. Kwangu imefika sitini na kitu! Usiku wa Kisarawe mstari nao unashuka, lakini haujafika mbali unarudi juu. Hivyo hivyo mpaka asubuhi.

Akamuuliza Hemedi kule anafanya nini tofauti. "Nalala tu," mwanaume akajibu.

Kwa hiyo mume wangu anapumua vizuri kwa mke mwenzangu. Na mashine imethibitisha! Kipo kitu gani kibaya zaidi cha kumwambia mwanamke?

Kipo. Daktari akakisema. Ipo mashine ya kumpulizia hewa puani akilala, lakini lazima apewe rufaa Dar, na foleni ni ndefu. Kwa sasa asilale chali, na ikiwezekana alale zaidi kule anakolala vizuri. Kijana wa watu hakuwa na nia mbaya. Nikaona aibu, nikaangalia kalenda ya ukutani.

Njiani Hemedi akajaribu kunichekesha, eti hewa ya Kisarawe ina msitu. Sikucheka.

Niliolewa mke wa pili kwa sharti moja tu, siku ziwe sawa. Ndugu zangu walinicheka, nikawaambia huyu ni mtu wa haki. Na kweli, hajawahi kunipunja hata usiku mmoja. Sasa niseme nini? Nikimng'ang'ania, afie kitandani kwangu? Nikimwachia aende, atakuja kwangu kufanya nini – kunywa chai na kuondoka kama mgeni? Naumia. Naona wivu na naona hofu, na sijui kipi kinaanza.

Jumatano, 13 Agosti

Nimemhoji tangu juzi. Godoro la kule? La kawaida. Mto? Wa sufi. Jana nikaenda Mlandizi baada ya kazi, nikanunua mto wa sufi, mzuri, umejaa. Ameulalia. Asubuhi kichwa kinamuuma vilevile na macho mekundu. Akaushika ule mto, akasema ahsante mke wangu, akaondoka zake Kisarawe.

Si mto.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimekwenda Kisarawe. Sikumwambia Hemedi. Asubuhi huwa kwenye banda lake la mkaa, nikajua sitamkuta nyumbani. Bodaboda kwa njia ya Kiluvya, nimefika na vumbi mpaka kwenye kope.

Nikabisha hodi, kimya. Jirani akaniambia kwa ishara ya mkono shavuni: kalala. Nikasema moyoni, si nilijua! Nikabisha tena kwa nguvu. Mwanaamina akatoka amejifunga kanga, macho yamevimba. Nilikuwa nimesahau kama ni mtu mzima kiasi kile. Nikamwamkia, "Shikamoo dada." Hakuitikia. Akanishika mkono.

"Kafa?"

Nikamwambia hajafa, si ametoka hapa kwako asubuhi hii? Akakaa pale pale kizingitini, akacheka mpaka akafuta machozi. "Marahaba, Mama Nuria. Nimekurupuka usingizini, nakuona wewe mlangoni. Nikajua ndiyo hivyo tena."

Sikuwa na namna nzuri ya kusema nilichokifuata. Nikasema tu nimekuja kuona anapolala. Hakukasirika. Akanipeleka chumbani. Kitanda, chandarua, godoro limebonyea kuliko la kwangu. Na kigoda pembeni ya kitanda, upande wa Hemedi.

"Mimi yeye akilala, silali," akasema. "Anakoroma, mara kimya. Kimyaaa, mpaka unasema basi, kaondoka. Mwanzo nilidhani ni jinamizi linamkaba. Nikawa namsomea dua, namgeuza ubavu, anavuta pumzi. Akirudi chali, namgeuza tena. Asubuhi akitoka ndiyo na mimi napata usingizi wangu."

Nikauliza tangu lini. Tangu mwanawe Bilali yuko sekondari. Bilali sasa ana watoto wawili!

"Kwa nini hukusema, dada?"

"Nimwambie nani? Yeye anabisha hata kwamba anakoroma. Na wewe nilijua unafanya hivyo hivyo kwa zamu zako. Huwa nawaza, maskini yule naye, usiku hivi na asubuhi ofisini."

Nikamweleza maneno ya daktari, yote, hata lile la kulala zaidi kule anakolala vizuri. Nililisema haraka nikiangalia chini. Nilitegemea afurahi. Mimi ningefurahi.

Akatikisa kichwa. "Hapana, mdogo wangu. Nimechoka. Wewe bado una nguvu. Chukua siku zako, na zangu ukitaka chukua, mpaka hiyo mashine ipatikane. Nilale na mimi."

Amenipa mihogo ya kurudi nayo. Nimerudi nayo mapajani, najisikia vibaya kuliko nilivyokwenda. Wiki nzima nagombania siku tatu, leo napewa zote. Na nimeogopa! Nimeogopa kabisa.

Jumapili, 17 Agosti

Alfajiri bado. Naandika nikiwa kwenye kiti cha plastiki, nimekisogeza mpaka kitandani, taa ya simu nimeifunika na mtandio.

Hemedi alikuja jana magharibi, tukala, nikamwambia nilikokwenda na nilichoambiwa. Akabisha. Mwanaamina anakuza mambo, wanawake mkikutana wawili mnamzika mtu mzima. Lakini hakumaliza chakula. Kabla ya kulala akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama nitahamia kwa Nuria. Nikasema hapana. Akalala.

Sasa nimesikia. Miaka kumi na mbili, leo ndiyo nasikia! Kukoroma kunakatika ghafla. Kifua kinapanda, tumbo linahangaika, hewa haiingii. Mdomo wazi na hakuna kitu. Nilisubiri arudi mwenyewe, sijui kwa nini nilisubiri. Labda nilitaka kuhakikisha. Kisha nikaogopa, nikamsukuma kwa mikono miwili. Mzito kama gunia lake la mkaa! Akageuka. Pumzi ikaingia kwa kishindo, mpaka chandarua kikatikisika.

Hakufungua macho. Akanitafuta mkono, akaubana.

"Ahsante, Mama Bilali."

Kitandani kwangu. Kwenye siku yangu, juu ya mto wangu wa sufi! Nikautoa mkono. Nimekaa hapa, nimelia kidogo, hasira na sijui nini kingine. Anabisha kwamba anakoroma, lakini kumbe usingizini anajua kuna mtu, na anajua ni nani. Hajawahi kunishukuru mimi usiku kwa sababu sikuwepo.

Simu imetikisika sasa hivi. Ujumbe wa Mwanaamina: *Analalaje?* Ana usiku mzima wa kulala, na yuko macho. Sijamjibu. Nikimjibu nimwambie na lile jina? Sitaki. Halafu naona ni haki yake kuambiwa. Sijui.

Amerudi chali. Anakoroma.

Kimya.

Naenda kumgeuza. Aseme jina analotaka.