Nyaya Mbili Nyeusi

Jumamosi, Garissa. Vumbi tangu asubuhi, na joto la kumfanya mtu anune bila sababu. Mimi sababu ninayo.

Leo nimemwaibisha mama mwenye nyumba wangu mbele ya wazee, kwa kosa nililofanya mwenyewe.

Niandike kwa utaratibu, maana mkono unataka kuruka mambo. Nina kompyuta ndogo ya bodi moja. Haina sanduku wala skrini; ina vitufe vya namba na tarakimu nyekundu zinazowaka. Binamu yangu aliipata Nairobi, chuo fulani kilipoletewa kompyuta mpya na kutupa hizi. Mwalimu wa fizikia kama mimi, kutoka Kisii, asiye na ndugu hapa, hupata muda mwingi wa kuchokora vitu. Nimekuwa nikiifundisha kulinda pampu ya kisima kilicho nje ya mji. Maji yakipungua, pampu huvuta hewa na kuungua. Ukame uliopita iliungua, mbuzi wengi wakafa njiani wakipelekwa mtoni. Kompyuta ingeizima mapema.

Mama Halima, mwenye nyumba wangu, ndiye aliyeishawishi kamati ya kisima ije kuiona. Mzee Dahir, mwenyekiti, ni shemeji yake. Mama huyu anauza maziwa ya ngamia sokoni, na nasikia amewasimulia wateja wake wote habari za mwalimu wake na mashine yake.

Wazee walifika asubuhi, wakaketi chumbani kwangu. Nikabana nyaya kwenye betri ya gari.

Kimya. Hakuna tarakimu hata moja.

Nikabonyeza vitufe huku na huku. Ndipo nilipoona matone ya maji mezani. Mama Halima alikuwa ametundika shuka iliyoloweshwa dirishani ili kuzuia vumbi lisiingie kwenye bodi. Wema mtupu. Lakini wazee walikuwa wananitazama, nami nikahitaji mtu wa kulaumu.

"Mama, umeimwagia maji! Umeiharibu!"

"Mimi hapana mwaga maji, mwalimu," alisema polepole. "Maji iko mbali na mashine."

Mzee Dahir akamkaripia kwa Kisomali. Sikuhitaji mkalimani. Mama Halima akavuta mtandio usoni, akatoka.

Nami nikamwacha aende. Nilimwacha nikijua sijakagua chochote.

Walipoondoka nikachukua mita na kuanza kupima. Bodi ilikuwa kavu kabisa. Kile kidude cha miguu mitatu kinachopunguza umeme wa betri kilikuwa kimepasuka ubavuni. Nikafuata nyaya kwa kidole. Juzi waya mwekundu uliniishia, nikaunganisha nyeusi pande zote mbili, nikajiambia nitakumbuka. Sikukumbuka. Chanya nimeipeleka kwenye hasi.

Kila muhula nawaambia wanafunzi: rangi mbili tofauti, kila mara, ukikosa rangi, funga uzi kwenye mmoja, pima kwa mita kabla ya kugusisha betri, na usiwashe kitu kwa haraka kwa sababu watu wanakutazama. Maneno yangu hayo. Nayasema vizuri sana.

Nilimkuta jikoni akichochea mkaa. Nikamweleza yote, nikasema samahani. Hakunitazama.

"Mbele ya wazee ulisema Halima ameharibu," akasema. "Sasa samahani unaleta jikoni?"

Nikasema wazee wameshaondoka. Nikasema nitawaona siku moja. Yeye akaendelea kuchochea mkaa, na mimi nikasikia jinsi sauti yangu ilivyokuwa ndogo.

Baada ya sala ya alasiri tukaenda kisimani waliko wazee, yeye mbele, mimi nyuma. Kamati ilikuwa pale, na wachungaji pia, watu wengi kuliko asubuhi. Nikasema kwa sauti kwamba maji hayakugusa mashine, kwamba mimi ndiye niliyekosea nyaya, na kwamba nilimsingizia mama huyu bila hata kutazama.

"Wewe ndiyo naunguza?" Mzee Dahir akauliza.

"Ni mimi, mzee."

"Na sisi nakaripia Halima maneno mbaya?"

"Kwa sababu yangu."

Akamgeukia shemeji yake, akazungumza naye kwa sauti ya chini, mkono kifuani. Mama Halima akaitikia mara moja, kisha akauondoa mtandio usoni. Wachungaji wakarudi kwa ngamia wao. Hakuna aliyenitukana, na hilo liliniuma zaidi.

Mzee mmoja akauliza kama mashine itapona. Nikasema sijui; huenda chipu zote zimekwenda. Nitabadilisha kile kidude kwanza, nipime, ndipo nijue. Nikasema "sijui" mbele za watu, na dunia haikuanguka.

Tulirudi nyumbani giza likiingia. Mlangoni akaniambia tu, "Lala salama, mwalimu." Si kwa baridi, si kwa furaha.

Nimekaa na swali moja. Kama asingenidai pale jikoni, ningekwenda kisimani?

Jibu ninalo. Ndilo linalonifanya nishindwe kuinua uso.