Mbuzi Uliyemchinja Mwenyewe

Baba Hana,

Ugali nimeufunika jikoni. Mbuzi nimekuachia mzima mzima, mpaka kwato.

Kila Krismasi jirani yetu Bashiri ndiye hutuchinjia, ili tule pamoja na nyumba yake. Leo asubuhi amekuja, akakukuta umeshachinja, unatabasamu. Eti, "Nimekupunguzia kazi!" Umempunguzia na kitoweo. Hata yule Mzungu, Mdachi wa stesheni ya treni, anajua kwamba Mwislamu hali nyama uliyochinja wewe. Bashiri, kwa adabu zake, akasifu unono wa mbuzi, akarudi kwake na kisu chake kikavu.

Mimi na watoto tumekwenda kwake kula mlenda. ~~Usitufuate.~~ Tufuate, ila uje na yule jogoo wako mwekundu unayemringia, akiwa hai. Kisu Bashiri anacho.

Mama Hana