Baiskeli Isiyo na Mzigo

Keza mjukuu wangu,

Hapa Kabuga tuko wazima. Mama yako ameshahamia mjini, mtaa wa Kagugu, na bibi yako bado anagombana na kuku wa jirani.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili na bado sijaelewa. Unasema huko Ubelgiji waling'oa reli wakatengeneza njia ya baiskeli, na Jumamosi unataka kuipita polepole, bila haraka ya kufika. Unaniuliza ubebe nini na upumzike wapi. Keza, sisi hapa nchi nzima bado tunangoja reli ije, ninyi mmeshamaliza nayo?

Mimi baiskeli niliijua kwa mzigo. Nilipokuwa kijana kule Tanzania, nilikuwa napeleka ndizi stesheni kwa njia ndogo iliyofuata reli. Siku moja ndizi ziliisha mapema. Nikarudi keria ikiwa tupu, na baiskeli ikawa nyepesi mpaka ikanishinda kuiendesha, maana nilizoea uzito. Nikashuka, nikaisukuma taratibu. Njiani nikaona kisima ambacho nilikuwa nakipita kila siku bila kukijua. Nikakaa pale mpaka jua likapoa.

Nyumbani mama yangu akauliza, "Imeharibika?" Nikasema hapana.

"Unaumwa?"

Hapana. Akanitazama kama mimi ninavyoutazama ujumbe wako.

Labda ndicho unachokitafuta, sijui. Beba maji na chapati. Pumzika popote utakaposhindwa kueleza kwa nini umesimama.

Na hapa wakileta reli, nitaipanda. Wakiing'oa, njoo na baiskeli mbili.

Babu yako