Sura ya Bibi Mwanaidi

Dada Rehema, shikamoo. Huku Mlalo ni ukungu mtupu, na rangi za mafuta hazikauki. Nilikuwa namchora Bibi Mwanaidi, mama wa mwenyeji wangu, nikitaka wajukuu waurithi uso wake. Jana mwana mwingine wa Bibi alikuja toka Dar na picha ya mama yake iliyotengenezwa kwa kompyuta, makunyanzi yote yamefutwa. "Fundi, usihangaike tena," akaniambia, akaitundika sebuleni. Bibi aliitazama kwa muda mrefu, kisha akanishika mkono. "Mwanangu, huyu binti ni wa nani?" Wote wakacheka. Mimi sikuweza. Picha yangu wameiweka stoo, nyuma ya magunia ya viazi. Naona kazi yangu imekwisha, dada. Wabusu watoto, uniwekee wali wa nazi. Narudi mikono mitupu.

Mdogo wako, Saidi